Kijiji chetu kilipiga kura kwamba samaki wa josho hawana sumu

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu nipeni shikamoo yangu mapema, nikishaanza kuandika sipendi kukatizwa.

Nimestaafu, nakaa Masuguru hapa Korogwe, muda ninao. Haya niliyaona, na mkono wangu umo ndani. Anayetaka chumvi aende uzi wa jirani.

Miaka ya sabini nilikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa upande wa Kwedizinga, Handeni. Kijana wa darasa la saba, kalamu mfukoni, kichwa kimevimba. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kupeleka jina langu wilayani niende mafunzo.

Pale kijijini palikuwa na josho la ng'ombe. Alilijenga mzungu mmoja mfugaji, uhuru ulipokuja akafungasha akaondoka. Ni shimo refu la saruji ambalo enzi zake lilijazwa maji ya aseniki, ng'ombe wakapitishwa humo ili kupe wafe. Leo wataalamu wanaitaja aseniki sambamba na zebaki na risasi, eti metali nzito. Sisi tuliita dawa ya josho, basi.

Handeni na shida ya maji mnaijua. Mwenyekiti akaona shimo la saruji lisilovuja limekaa bure, akasema tufuge samaki. Kijiji cha kwanza wilayani kula perege wake chenyewe! Watu wakapiga makofi.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Mzee Semboja. Ndiye aliyekuwa akimchanganyia mzungu ile dawa. Na ndiye baba yangu mzazi.

Alisimama mkutanoni, kofia mkononi. "Mwenyekiti, ng'ombe akinywa maji yale tulikuwa tunamzika. Saruji ile imekunywa dawa miaka mingi. Mtasugua, haitatoka."

Akajibiwa kwamba ana kasumba ya kikoloni, bado anamwogopa mzungu hata baada ya mzungu kuondoka. Mwenyekiti akasema tusibishane, ujamaa ni kukubaliana. Tukapiga kura kama josho lina sumu au halina.

Ndiyo wakuu, mmesoma sawasawa. Sumu iligombea, ikashindwa vibaya sana.

Wanaosema haimo wanyooshe mikono. Nikanyoosha wangu. Nilijua kabisa baba anasema kweli, kwa sababu nimekua nikimwona akinawa mara tatu kabla ya kugusa chakula. Lakini mafunzo niliyataka. Kisha nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri: mkutano umeridhika kwamba josho halina sumu.

Kina mama wakalisugua kwa majivu na mchanga wiki nzima. Mvua za masika zikalijaza. Perege wachanga wakaletwa kutoka Korogwe kwenye madebe, nusu yao wakafa siku za mwanzo. Kamati ikaeleza kwamba waliokufa walikuwa wazembe, hawajazoea maisha ya kijijini. Hilo nalo niliandika.

Waliobaki wakanenepa. Akaalikwa mgeni rasmi kutoka wilayani.

Siku hiyo kisima kilikuwa kimekauka, kwa hiyo samaki wakachemshwa kwa maji ya josho lenyewe. Mwenyekiti akafurahi, akasema sasa mradi unajitegemea kwa kila kitu. Mgeni alisifu samaki wale nusu saa nzima. Alipomaliza kusifu akaomba kuku.

Sahani zikaenda kwa kamati na wazee. Ya baba ilipelekwa na mwenyekiti mwenyewe, akasimama pale pale kumwangalia, na mgeni anatazama. Wote tulijua kwamba mzee akiikataa ile sahani, jina langu halitoki kijijini.

Baba akaniangalia. Akasema polepole, "Mkutano umeshaamua." Akala, akanywa na mchuzi.

Mimi nilikuwa nanakili hotuba. Nilipomaliza sufuria ilikuwa tupu, nikala ugali mkavu huku nikinung'unika.

Alasiri hiyo hiyo wakaanza kutapika na kuharisha. Watu saba. Lori la ushirika likawapeleka hadi Korogwe hospitali, mimi nimempakata baba njia nzima. Daktari akauliza ni nani aliyepima yale maji. Nikafungua daftari nikamwonyesha azimio. Alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama huwa naelewa ninachoandika.

Baba na mwenyekiti walilazwa vitanda jirani. Siku ya pili baba alipata sauti kidogo, akageuza shingo. "Mwenyekiti, itisha kikao, tupige kura haya matumbo yapone." Mwenyekiti alijifunika shuka.

Mwenyekiti alipona, akaendelea na uongozi. Josho lilifukiwa kwa azimio jingine. Baba miguu ilikufa ganzi, hakushika jembe tena, na baada ya mavuno mawili tukamzika. Mafunzo nilikwenda. Nilipata cheti.

Funzo langu ni fupi: sumu haihudhurii mkutano. Juzi mjukuu wangu kaniambia kuna mahali vijana wanaosha dhahabu kwa zebaki, na maji yanashuka hadi kwenye bwawa ambalo watu wanavua kambale. Nikamuuliza nani amepima. Akasema viongozi wamekaa wakaona hakuna tatizo. Nilitukana, Mungu anisamehe.

Karibuni mseme yenu. Wataalamu wa maji na samaki mkiwemo humu, tuelezeni mtu wa kawaida anapeleka wapi samaki wakapimwe, kwa lugha ya kueleweka.

Na mwingine ninayemtafuta ni yule aliyewahi kumpinga mzazi wake mbele za watu huku akijua mzazi anasema kweli. Baba aliishi miaka miwili baada ya siku ile, nikimwogesha na kumlisha kwa mkono huu huu, na hakuniuliza hata mara moja kwa nini niliunyoosha. Andika hapa wewe uliomba vipi msamaha. Mimi sikuwahi.