Philomena na Mikia ya Kondoo

Philomena wa Tlawi alimjua kondoo kwa kope. Alimshika kichwa, akabinua kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama wekundu wa damu ndani yake. "Huyu ana minyoo," alisema, au, "Huyu mchukue." Miaka thelathini hakuna aliyerudi kulalamika. Ujira wake ulikuwa mkia: aliyemchinja kondoo aliyechaguliwa naye alimpelekea mkia mzima, umejaa mafuta, kwa heshima. Philomena aliila heshima hiyo yote.

Mwaka ulipoundwa Mkoa wa Manyara, kope zake mwenyewe ziliota mabaka ya njano karibu na pua. Hayakuuma. Maneno ndiyo yaliuma.

"Shikamoo mama," alisema Patriki, mchuuzi wa mifugo kutoka Hirbadaw, walipokutana mnadani. "Leo nani anamkagua mwenzake?"

"Marahaba. Fungua mdomo kwanza, tuone meno kama bado unauzika."

Mnada ulicheka. Hata hivyo wanunuzi wawili walijisogeza kwa mkaguzi mwingine, na Philomena aliwaona. Wakishaamini kwamba macho yake ni mabovu, kazi imekwisha.

Biashara huria ilikuwa imeleta mnadani muuza dawa mwenye kipaza sauti. Chupa yake iliondoa chunjua, madoa na mikosi.

"Tone likiingia jichoni je?" Philomena aliuliza.

"Uwe na imani, mama."

"Basi anza na jicho lako."

Hakuanza. Philomena akapanda gari kwenda hospitali.

Daktari Rogathe, binti aliyelingana kwa umri na mjukuu wa Philomena, alimpima macho, kisha damu. "Macho ni mazima, mama. Mabaka haya ni mafuta, na damu yako imejaa mafuta hayo hayo. Nitayakata kwa ganzi. Ila usipobadili chakula na kumeza vidonge, yatarudi, na moyo utakusumbua. Unakula nini?"

Philomena alifikiri. "Heshima," alisema, akaeleza habari za mikia.

Alirudi mnadani nyuzi zimetolewa. Patriki alikuwa amemletea mkia, kumtuliza baada ya utani ule.

"Mpe mbwa. Mimi niletee maharage." Akawasimulia wote alivyokaguliwa na binti mdogo, bila kuficha hata mkia mmoja. Kisha akamshika Patriki kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Kope ya kushoto ilikuwa na doa dogo la njano.

"Kapime damu."

Patriki alitaka kutania, akaacha. Wale wanunuzi wawili wakarudi kwa Philomena na kondoo wao. Asubuhi iliyofuata Patriki alikuwa kwenye foleni ya hospitali, hajala kitu, akingoja kupimwa damu.