Disketi ya Wasifu wa Wekesa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa na swali hili hili unaloniuliza tangu juzi: mchezo wa kupiga risasi utakwenda vizuri kwa njia gani kwenye kompyuta kuukuu? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa kwa shangazi yangu Nekesa pale mtaa wa Fedha. Kompyuta ilikuwa yake, na mtaa mzima ulimjua kwa kazi moja: kuchapa wasifu wa marehemu. Akifa mtu, jamaa zake walikuja sebuleni kwetu jioni, wakasimulia, shangazi akachapa na kuhifadhi kwenye disketi, maana ndani ya mashine nafasi ilikuwa imekwisha.

Wiki ile tulikuwa tumempoteza jirani yetu Wekesa, fundi wa reli. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Nyanya, alikuja kutoka nyumbani kijijini, akasimulia utoto wa mwanawe kwa jioni mbili. Hakuna mwingine aliyeujua. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja tu, akili ikiwa kwenye mchezo.

Kesho yake mchana, shangazi akiwa kazini, alikuja rafiki yangu Mutua. Tulianza kwa kuwasha mashine kama kawaida na kuufungua mchezo humo humo. Ulikwamakwama, adui anakuua kabla hujamwona. Tukatoka hadi kwenye skrini nyeusi ya amri, tukauanzisha kutoka huko. Ulichangamka kidogo, ila bila sauti, na bunduki isiyolia ina raha gani? Ikabaki njia iliyosifiwa na kila mtu: kutengeneza disketi ya kuwashia, mashine iamke na vitu vichache, kumbukumbu yote ibaki kwa mchezo. Lakini disketi tupu hatukuwa nayo.

"Si utumie hiyo iko kwa meza, buda," Mutua akasema. "Kwani iko na nini?"

Mashine iliniuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Nikakubali. Mchezo ulikwenda kama maji, milio ikajaa sebule. Nilipoitoa disketi ndipo nikaona mwandiko wa shangazi kwa penseli: Wekesa.

Mutua alichukua kofia yake akaenda zake. Ilikuwa saa nane. Nyanya alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akifunga mizigo. Basi la kumtanguliza nyumbani lilikuwa la saa kumi. Nilifika mpaka mlangoni. Nikamsikia akikohoa, nikaushusha mkono bila kubisha. Nilimwogopa yeye, nikamwogopa shangazi, na sikufichi mwanangu, nilimwogopa hata Wekesa aliyelala mochari, kana kwamba nimemuua mara ya pili. Nikarudi, nikaiweka disketi pale ilipokuwa, nikakaa kitandani mpaka nikasikia teksi ikimchukua Nyanya.

Shangazi alirudi saa kumi na moja. Alipoifungua disketi, wasifu haukuwamo.

"Nani ameguza hii?"

"Sijui, shangazi."

Alitazama saa. "Nyanya ameshaenda?"

Hapo nililia, nikasema yote. Hakunipiga, ingawa nilitamani anipige.

"Kufuta, ulifuta kwa ujinga," akasema. "Ungenifuata kazini saa nane ningekuja mbio, tukae naye, tuandike upya. Hizo saa mbili ulizonyamaza ndizo zinaniuma."

Karatasi za mazishi zilichapwa jioni hiyo hiyo, kwa kuwa maiti ilisafirishwa alfajiri. Chini ya neno Utoto palikuwa na mwaka na mahali pa kuzaliwa, basi. Shangazi aliamua mimi ndiye nitakayesoma mazishini. Nilipopita sehemu ile, Nyanya, sauti imekauka kwa kilio, alimuuliza aliyeketi kando yake, "Mbona maneno yangu hayamo?"

Baadaye nilimpigia magoti. Alinisamehe. Nilipomwomba asimulie tena, alitikisa kichwa, akasema nguvu hiyo hana.

Mwanangu, utaharibu vitu vya watu. Sijaona bado asiyeharibu. Ukishaharibu, usingoje woga uishe, kwa sababu hauishi. Nenda nao hivyo hivyo, bisha hodi, sema, wakati mwenye kitu bado yuko karibu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na popote utakapobisha ukitetemeka, akukutanishe na mtu mwenye moyo wa kukusikiliza.