Fingo la Langoni

Nikisikia harufu ya mafuta ya mbarika sokoni Malindi, nakumbuka kijiji chetu cha kaskazini, siku wanajeshi walipokuja kutegua mabomu yaliyofukiwa njiani. Mashine yao ya kunusa chuma ardhini ililia langoni petu. Tukalazwa chini. Askari mmoja akachimba polepole, akatoa chungu chenye misumari, kimepakwa mafuta yale. Lilikuwa fingo, kinga ya mji wetu, aliyoizika babu.

“Sasa ni salama, mama,” akamwambia nyanya.

“Salama gani, mwanangu, nawe umetung'olea kinga?”

Sikuelewa. Nyanya alitukataza siku zote kukanyaga pale, na asubuhi ile askari naye akatukataza. Jioni nilipotumwa maji nilifika langoni, nikasimama na mguu mmoja juu, nisijue niuteremshe wapi.