Golikipa wa Mwaka 1911

Mtunza jengo la chuo chetu hapa Sparkhill ni mzee wa Kizanzibari, mwenye vidole virefu na sauti ya kunong'ona. Kila mchana hupangusa picha ya timu ya kandanda ya 1911, iliyoshinda mechi zote mpaka golikipa wake alipofia uwanjani siku ya fainali. Humfuta kila mchezaji uso, taratibu, huku akimsemesha. Juzi mkono wake ulisita.

"Thuwaiba, mwanangu, hebu njoo utizame."

Nikatazama. Golikipa, aliyekuwa akitukodolea macho miaka yote, alikuwa ameyafumba.

"Nimwite mtu, babu?"

"Usimwite," akasema, machozi yakimtiririka. "Nimembembeleza muda mrefu alale."