Okahvie Alipomlilia Houra

Okahvie alikuwa mjane mfupi, mkamaji wa ng'ombe katika shamba la pamoja, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akifa mtu, kijiji kizima kilimtegemea yeye. Kwetu Karelia, kaskazini mwa Urusi, maiti hapelekwi kaburini kimya. Huombolezwa, huelekezwa njia, na wazee waliotangulia huombwa waje kumpokea. Asipoombolezwa atabaki nje ya lango lao, akibisha.

Vuli ile akafa shangazi yangu Houra. Ulikuwa wakati ambao watu walichukuliwa na polisi wa siri kwa neno moja. Teppana, mwanawe wa pekee, alichukuliwa majira ya baridi yaliyopita, katikati ya chakula, na hatukuambiwa yuko wapi. Jina lake hatukulitaja tena, hata jikoni. Mwenyekiti wa shamba alikuwa ametuonya: kuzika tuzike, ila nyimbo zile za kizamani asizisikie.

Siku ya mazishi akatokea pia mkaguzi wa wilaya, Mrusi aliyevaa koti la ngozi, aliyekuja kuangalia nyasi za mifugo. Akasema naye atafika makaburini.

"Bi Okahvie, leo acha tu," nilimnong'oneza tukitembea nyuma ya jeneza. "Yule bwana amekuja."

"Nimemwona. Kwani mimi kipofu?"

"Watakuchukua."

"Na Houra nani atamfungulia? Nimwache aende kama gogo?"

Nikamshika mkono.

Chini ya misonobari, jeneza lilipowekwa kando ya shimo, Okahvie alijifunika uso kwa kitambaa, akaanza kuyumba, na sauti ikatoka. Katika maombolezo yetu hakuna anayetajwa kwa jina. Mama huitwa mbebaji, na mtoto hupewa maneno ya kuzunguka hivi na hivi. Lakini sisi tulielewa.

"Mbebaji mpole, huko uendako watazame walioketi kwenye mabenchi meupe. Ukimkuta uliyemlea kwa pumzi yako, yule aliyeondoka mezani kijiko kikiwa bado na moto, mwoshe uso. Usipomkuta, tupe ishara, tuendelee kumsubiri."

Wanawake wakaanza kulia, na si kilio cha kumlilia ajuza. Mkaguzi akatutazama mmoja mmoja. Kisha akamwita kwa kidole Riiko, dereva wa trekta, aliyekuwa ameshika kamba ya kuteremshia jeneza. Riiko alijua Kirusi, na mkaguzi hakujua lugha yetu. Alikuwa pia mtoto wa Teppana.

"Anasema nini?"

Riiko aliitazama kamba. "Anasema marehemu ameacha ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Ndiyo, ndugu mkaguzi. Hana wa kumkamua."

"Na hawa wote wanamlilia ng'ombe?"

"Ana maziwa mengi."

Hakuna aliyecheka. Houra hakuwa na ng'ombe tangu shamba la pamoja lilipowachukua wote, na mwenyekiti aliyejua hivyo alikuwa akikagua buti zake mwenyewe. Nilimbana Okahvie mkono ili anyamaze. Akaurudia ule mstari wa kijiko, kwa sauti ya juu zaidi.

Mkaguzi akamgeukia Palaga, msimamizi wa wakamaji. Palaga ndiye aliyesimama mkutanoni kumsema Teppana, na baada ya wiki mbili gari likaja.

"Wewe. Ni kweli anayosema huyu?"

Palaga alimtazama Riiko, akalitazama jeneza. Sauti ya Okahvie ilikuwa inapanda peke yake kati ya miti.

"Kweli," akasema. "Ng'ombe mwekundu, pembe moja imekatika. Hata mimi namhurumia."

Mkaguzi akawasha sigara. "Basi amalize upesi," akasema, akaenda zake kwenye nyasi, mwenyekiti akimfuata mbio. Okahvie hakufanya upesi. Alimfikisha Houra mpaka mwisho wa njia, ndipo akavua kitambaa, na uso wake ulikuwa umelowa jasho kama mtu aliyetoka kwenye nyumba ya kuogea kwa mvuke.

Nyumbani kwa marehemu tulikula pai ya samaki. Palaga alisimama mlangoni, na hakuna aliyemkaribisha. Hatimaye Okahvie akasogea kwenye benchi.

"Kaa basi, pai inapoa."

Palaga akakaa, akala. Riiko aliweka kijiko chini, akatoka nje, hakurudi mpaka alipohakikisha yule ameondoka.

Teppana hakurudi kamwe. Okahvie hakuchukuliwa, aliendelea kukamua na kuomboleza mpaka miguu ilipomkataa. Jioni ile ya mazishi, tukiosha vyombo, Riiko alimuuliza, "Bi Okahvie, ulijua mkaguzi angeniita mimi?"

"Sikujua, mwanangu."

"Ungejua, ungeimba kitu kingine?"

Okahvie alimpa sahani aifute.

"Hapana," akasema.