Siku Nilipotumwa Kukagua Duka la Mazingaombwe

Niliondoka Kitale kwa sababu miguu yangu haijui kukaa. Nilikuwa nimeishi Mombasa, nikaenda Juba kuuza vipuri, nikarudi, na nyumbani kukaanza kunibana tena. Safari hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Basi hadi Nairobi, ndege hadi Sharjah, kungoja pale uwanjani mpaka mgongo ukauma, kisha ndege nyingine hadi Doha. Mlango ulipofunguliwa, joto lilinijia usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nikapewa sare ya ulinzi katika hoteli moja ya West Bay, na kitanda katika chumba cha Wakenya na Waganda huko Al Rayyan. Nilikaa Doha miaka mingi kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Mwaka wangu wa mwisho, Nafula, binti wa dada yangu Rael, naye alikuja. Tangu amalize kidato cha nne alikuwa amekaa tu nyumbani. Sasa alikuwa muuzaji wa duka la mazingaombwe katika bustani ya michezo iliyojengwa ndani ya jumba la maduka, na aliniambia hajawahi kupenda kitu kama anavyoipenda kazi hiyo. Kwa furaha akamtumia mama yake picha: amevaa joho jeusi, ameshika fimbo, na nyuma yake chungu kinafuka moshi. Rael akaipeleka kanisani kuwaonyesha wenzake.

"Mtoto wangu ameajiriwa na mchawi," aliniambia kwa simu. "Akina mama wa maombi wameanza kufunga kwa ajili yake. Wanataka avunje mkataba arudi."

"Rael, ni mchezo wa watoto."

"Umeuona?"

"Bado."

"Basi nenda ukauone. Wewe ndiye mjomba. Ukisema arudi, atarudi hata akilia. Ukisema abaki, hao wengine nitawanyamazisha mimi."

Kwetu Wabukusu neno la mjomba lina uzito huo. Sikuwa nimeutaka, lakini nilikuwa nao.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilipiga shati pasi nikapanda basi. Mlangoni nikazuiwa. Ijumaa ilikuwa siku ya familia, na mwanamume akija peke yake hurudishwa. Mlinzi alikuwa Mganda.

"Ssebo, bwana wangu, sheria unaijua kuliko mimi," akasema. "Familia yako iko wapi?"

"Iko ndani. Imevaa joho."

Akacheka, akaita kwa redio. Nafula akaja mbio, joho likifagia sakafu, kofia yenye ncha ikiwa mkononi.

"Huyu ni mjomba wangu," akamwambia. "Ametumwa aangalie kama mimi ni mchawi."

"Mwambie ukweli basi. Juzi ulikula chapati yangu na sikukuona."

Dukani kulikuwa na mwanga hafifu na harufu ya mbao mpya. Rafu zilipanda hadi darini, zimejaa visanduku vyembamba, chupa za rangi na vioo vilivyopinda. Kila mgeni alijaribu fimbo, na duka lenyewe lilimjibu. Nilisimama pembeni kama mkaguzi.

Aliingia msichana mdogo na baba yake. Msichana akanyakua fimbo ndefu ya dhahabu, akaipunga. Droo ikafunguka kwa kishindo na chupa ikawaka nyekundu. Nafula akaichukua fimbo ile polepole, akavitazama vidole vya mtoto, akatikisa kichwa.

"Hii haikutaki, habibti. Umeona ilivyonuna?"

Akainama, akatoa fupi ya kahawia kutoka chini kabisa, akaifuta kwa mkono wa joho, akamtilia kiganjani. Kisha akageuza uso kando, kama mtu asiyejali ikinunuliwa au isinunuliwe. Mtoto akaipunga. Taa zikawaka moja baada ya nyingine mpaka darini, na kioo kikamwamkia. Msichana akacheka, na baba yake akacheka kumshinda.

Mimi nilikuwa nimeshikilia rafu. Yule hakuwa mchawi, alikuwa Rael kabisa, Rael wa sokoni Kitale na viatu vyake vya mtumba. Dada yangu hamwachii mteja achague. Humpokonya kiatu, hutazama mguu, humwambia hiki hakikutaki, huchomoa kingine chini ya rundo, hukipangusa, kisha hutazama kando. Nafula alikulia juu ya gunia analotandazia viatu hivyo.

Duka lilipotulia nikamwambia, "Nionyeshe kinachofungua droo."

"Mkataba unakataza, mjomba."

"Hata mjomba?"

"Hata mjomba."

Nyuma ya rafu mtu akapiga chafya.

"Hiyo hujaisikia," akasema Nafula.

"Sijaisikia."

Nilitoka nje nikampigia Rael, nikamweleza yote, pamoja na kule kugeuza uso.

"Hiyo fimbo anaifuta kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa mkono wa joho."

"Mwambie atumie kitambaa. Mteja akiona mkono anaona uchafu."

"Kwa hiyo abaki?"

"Arudi kufanya nini, na ana wateja?"

Miezi ikapita, mkataba wangu ukaisha, na miguu ikaanza tena. Siku ya kuondoka kabisa, siku ambayo haikuwa ya familia, nilipita dukani na begi langu. Nafula alikuwa zamu na hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo nikasimama kwenye foleni na wengine. Alinijaribishia fimbo tatu, zote zikakataa kuwaka.

"Mteja huyu hakai mahali," akawatangazia watu. "Fimbo zinaogopa kusafiri naye." Watu wakacheka. Akanishika mkono kwa nguvu, akauachia, akamwita anayefuata.

Mimi kila nilipohama nilidhani nimeacha kwetu nyuma, na nikashinda nikiwaza nyumbani. Nafula alikuja na kwao vidoleni, akafungua duka.

Nikiwa uwanjani Rael alipiga simu. Hakuuliza natua lini. Aliuliza kama nimeacha duka lina watu.

"Foleni imefika nje," nikamwambia.

"Ya viatu haijawahi kufika hapo," akasema, na nikamsikia akimwambia jirani yake wa sokoni habari hiyo.