Tulivyolingoja Daftari la Sita

Kifundo cha mguu wa mbuzi kina pande nne, na kile tulichokuwa tukichezea nilikitoa mimi. Naanza hapo ili mtu asije akasema mchezo ule ulikuwa wa fundi peke yake. Madaftari yalikuwa yake na maneno yalikuwa yake, sikatai, lakini kifupa kilitoka kwangu, kwenye banda la ngozi pale Garsen, ambako kazi yangu ilikuwa kutandaza ngozi na kuzipaka chumvi. Nilikisugua kwa mchanga wa mtoni mpaka kikawa cheupe kama jino la mtoto.

Fundi alikuwa mwanamke wa Kipini, mjane, mshona nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja, karibu na pale mabasi ya Lamu na ya Malindi yanaposimama. Miaka ile ya tisini mabasi ya Lamu yalikuwa yakingojana ili yaende kwa msafara pamoja na askari, kwa sababu ya majambazi wa njiani. Basi watu walikuwa wanakaa Garsen wakisubiri, na mtu anayesubiri ndipo anapokumbuka suruali yake imechanika. Fundi akawa na kazi nyingi na mikono miwili tu. Ili wateja wasimwandame na "bado? bado?" akaanza kuwachezesha.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Alikuwa na daftari la shule, la kurasa mia moja kama sikosei, na ndani yake ameandika nchi ya mto kama huu wetu, yenye watu wake. Kila mchezaji anapewa mtu mmoja wa kwenye daftari, anakuwa yeye. Fundi anasoma yaliyotokea: mvua imekataa, au simba ameonekana, au chifu ameita baraza. Halafu anakutazama juu ya miwani yake. "Na wewe, wafanyaje?" Unasema utafanya nini, kisha unarusha kifundo. Kikilala mgongo, jambo lako limeharibika. Kikilala tumbo, limekwenda. Kikilala ubavu, limekwenda nusu, na nusu hiyo ni ipi fundi ndiye anayejua, mpaka aiandike. Na kikisimama wima, basi mto wenyewe umekusaidia. Kusimama nilikuona mara mbili tu, na mara moja palikuwa na kinyesi cha mbuzi chini kimekishikilia, tukabishana mpaka basi likaondoka na mmoja wa wachezaji.

Sheria ilikuwa moja, na fundi hakuilegeza hata kwa askari: hupewi mtu wa kwenu.

Mimi ni Mpokomo wa Kulesa, mtu wa ndizi na mpunga, kazi ya ngozi ilikuwa ya kusukuma siku tu. Nikapewa mchungaji. Rafiki yangu, dalali wa ng'ombe pale sokoni, Muorma ambaye babu wa babu yake alikuwa na ng'ombe, akapewa mkulima mwenye shamba kando ya maji. Mama chai, Mgiriama aliyekuwa akiuza chai na mahamri pale pale barazani, mwanamke mpole ajabu, akapewa chifu. Alipokuwa chifu upole uliisha. Alikuwa akivaa sufuria kichwani badala ya kofia ya serikali na kutufokea sote wawili.

Watu waliacha mnada kuja kumsikiliza dalali.

"Wewe mchungaji! Hebu toa hao ng'ombe kwenye mpunga wangu! Macho huna?"

"Ng'ombe hajui mpaka, mzee."

"Ng'ombe hajui. Na wewe unayejua, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Ndiyo maana!"

Waorma wenzake walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. "Leo umekuwa mtu wa ndizi!" wakampigia kelele. Naye anawajibu bila kugeuka, "Nyamazeni huko, nina magugu ya kupalilia."

Na hilo la darasa la tatu ni kweli. Nilitolewa shule kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga, juu ya dungu, na sijutii sana, maana juu ya dungu ndiko nilikojifunza kukaa kimya. Nalitaja dungu kwa sababu dalali alikuja mpaka Kulesa siku moja kuliona. Alitaka kujua mkulima wake anakaaje huko juu. Akapanda, mtu mnene yule, na makuti yakakatika akaanguka kwenye tope. Mke wangu alicheka akaacha ugali ukaungua. Na mimi nilikuwa namvizia bandani kumuuliza ng'ombe anakaa siku ngapi bila maji, na kwa nini unapiga mluzi wa namna moja wakishuka malka, yaani ile njia yao ya kwenda mtoni katikati ya mashamba, na mluzi mwingine wakipanda. Nilikuwa nimeishi kando ya malka maisha yangu yote na sikujua kwamba mluzi una maana. Nilidhani ni raha tu.

Kila mwaka fundi alitoa daftari jipya, akishapumzika kidogo. La kwanza lilikuwa la kiangazi. La pili la simba. La tatu la harusi, ambapo chifu alikula mahari yote. La nne sitaki kulizungumzia, mke wa mchungaji wangu alikufa humo na nilikosa usingizi kwa kweli, mke wangu mwenyewe akaniuliza namlilia nani. La tano ndilo la mto kuhama. Maana Tana huhama, hilo si hadithi, ukilala vibaya unaamka shamba lako liko ng'ambo.

Mwisho wa daftari la tano mchungaji wangu alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja, jike mweupe mwenye pembe iliyopinda. Nikamvusha. Katikati ya mto mpya maji yakamzidi, na mamba akaonekana. Nilikuwa nimemfunga kamba, na ncha ya kamba nikamtupia mtu aliyekuwa ng'ambo. Ng'ambo palikuwa na mkulima. Yaani dalali.

Fundi akasoma: "Kamba i mikononi mwa mkulima." Akafunga daftari.

"Ah, mama fundi!" nikasema. "Ng'ombe wangu yuko majini!"

"Na akae. Cherehani yangu yaondoka na basi la sasa hivi. Dadangu ni mgonjwa, naenda Kipini. Nitarudi kabla ya mvua na la sita."

Mvua zilikuja, na zilikuja zile za mafuriko makubwa ambazo kila mtu wa Tana anazikumbuka. Barabara ya Lamu ikawa maji. Kulesa tulikaa juu ya mapaa na kwenye mitumbwi. Sitayaeleza, wenye elimu wameyaeleza. Ninachosema ni kwamba maji yalipopungua na mabasi yakaanza kupita, watu hawakuuliza kwanza habari za mahindi. Walishuka, wakaangalia ile baraza tupu, wakasema, "Je, la sita?"

Askari wa msafara aliuliza. Mfanyabiashara wa Lamu aliyekuwa amecheza mara moja tu, katika daftari la pili, tena akaliwa na simba kabla chai yake haijapoa, naye aliuliza. Kwa mama chai ikawa ni hayo kila siku.

"Nimesikia daftari limeloa kwenye mafuriko."

"Mimi nimesikia ameanza mchezo mwingine na watu wa Lamu. Sisi katusahau."

"Ameolewa. Hataandika tena."

"Akiolewa ndiyo mkono unakatika?" akasema mama chai. "Mimi nimeolewa na chai mnakunywa."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na kitu kama njaa. Nilikuwa nikipaka ngozi chumvi na kumwona yule ng'ombe, maji yamefika shingoni, ananitazama. Mtu mzima mimi, na wajukuu.

Sasa nifike kwenye kosa, kwa sababu nilifanya mimi.

Baada ya mafuriko nyasi ziliota upande wetu kuliko kwingine, na malka yetu ilikuwa imezibwa na tope. Ng'ombe wa dalali, wale wa kweli, walipita kwenye migomba yangu michanga, niliyopanda mwezi ule. Hawakubakiza. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema, tukapeana mikono. Mkono nilitoa. Moyo haukutoka nao.

Wiki ile ile mama chai akatuambia, "Jamani, la sita tulifanye wenyewe. Mimi nitaandika, nimefika darasa la saba." Tukaketi, kifundo katikati. Na dalali akasema amechoka kuwa mkulima. Katika mafuriko alikuwa amepoteza ng'ombe wengi, na alitaka, alisema, awe mchungaji japo leo tu, kwa sababu yeye ndiye anayejua ng'ombe akizama anaita vipi. Sauti yake haikuwa ya mchezo. Nikasema sawa, mimi nitachukua mkulima. Nilisema haraka mno. Mama chai alitutazama, sufuria mkononi. "Fundi hangekubali," akasema. Tukamwambia fundi hayupo.

Basi ng'ombe akawa wake na kamba ikawa yangu.

"Mkulima," akauliza mama chai kwa sauti ndogo, "wafanyaje?"

Nikasema, "Naiachia."

Sikurusha hata kifundo. Dalali aliweka kikombe chake chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akainuka akaenda mnadani. Tangu siku hiyo akipita bandani kwangu anapita ng'ambo ya njia, juani, asinikaribie.

Nikakaa hivyo mpaka mavuno. Nilikuwa nimepoteza daftari, na ng'ombe, na rafiki, na lile neno halikuwa limerudisha migomba.

Mwishowe nikamwomba kondakta mmoja wa basi la Lamu, ambaye ndugu zake walikuwa Kipini, amtafute fundi amuulize: la sita litatoka au halitatoka? Akakaa siku nyingi. Siku aliyorudi akaning'inia mlangoni basi likiwa bado linatembea.

"Mzee! Nimemwona!"

"Kasemaje?"

"Ameniuliza swali. Ati, 'Kamba i kwa nani, na amefanyaje?'"

"Basi?"

"Basi. Amesema ameketi na kalamu anangoja jibu. Ati alidhani nyinyi ndio mmechoka na mchezo."

Nilikaa chini pale pale kwenye mavumbi. Sisi tulikuwa tukimngoja yeye, naye alikuwa akitungoja sisi. Zamu ilikuwa ya dalali tangu kabla ya mafuriko. Fundi alifunga daftari lakini swali aliliacha wazi.

Asubuhi iliyofuata nikaweka kifundo mfukoni nikaenda kwao dalali, mbali kidogo na mji, kule kwenye nyumba zao za nyasi. Mke wake akanipa maziwa kabla sijasema neno. Nikayanywa, maana maziwa ya nyumba ile hukatai hata kama umekuja kugombana. Dalali alikuwa amekaa, anachonga fimbo, hanitazami.

"Umekuja kama nani?" akauliza.

"Kama mchungaji. Ng'ombe wangu yuko majini na wewe una kamba yangu."

Akachonga. Akachonga tena.

"Yuko majini tangu lini?"

"Tangu kabla ya mafuriko."

"Na hajazama?"

"Bado."

"Huyo si ng'ombe," akasema. "Huyo ni kiboko." Na mdomo wake ukaanza kutetemeka, nami nikajua anazuia kicheko, na mimi nilikuwa nazuia kitu kingine.

"Rafiki," nikamwambia, "siku ile nilisema neno baya. Nilikuwa nasemea migomba yangu."

"Najua. Hata mimi siku ile sikuwa mchungaji wa mchezo." Akafuta mikono. Kisha akavuta pumzi, akakunja uso, akawa yule mkulima wake, na kwa ile sauti ya kupigia kelele ndege wa mpunga akasema, "Mchungaji mvivu wewe! Ng'ombe wako akikanyaga ndizi zangu akitoka hapo, utaniona! Haya. Navuta."

Akarusha. Kifundo kikaviringika kwenye mkeka, kikagonga kibuyu, kikalala ubavu.

Tukakitazama sote watatu, pamoja na mke wake. Ubavu. Limekwenda nusu.

"Nusu gani?" akauliza mke wake.

Anayejua ni fundi.

Nikamtuma tena yule kondakta: kamba anayo mkulima, amevuta, ubavu. Aliporudi alisema ujumbe umefika, na kwamba fundi alicheka mpaka akavua miwani, akasema sasa ana la kuandika. Baadaye kondakta akahamishiwa njia nyingine. Niliyemtuma baada yake alikuta nyumba imefungwa, majirani wakasema ameenda Lamu kwa dadake mwingine, wengine wakasema Mambrui. Daftari halikuja. Mwaka ule halikuja, wala uliofuata.

Sasa mimi ni mzee, na dalali ameota kipara. Mama chai alirudi kwao. Lakini dalali na mimi tukikutana Garsen hatuamkiani kama watu wengine. Yeye huanza:

"Nusu gani?"

"Ya mbele. Kichwa na miguu miwili, yuko ukingoni, anapumua."

"Ya nyuma. Mamba kachukua pembe."

Tunabishana hapo mpaka chai inapoa. Najua anasema ya nyuma ili nimkatalie.

Kwa hiyo naandika haya na kumpa mwalimu wa hapa anirekebishie. Kama kuna mtu Kipini, au Lamu, au Mambrui, ambaye kwenye sanduku la bibi yake kuna daftari la shule, limeandikwa kwa kalamu ya buluu mwandiko wa kulalia kushoto, asilifungie maandazi. Asinitumie lote. Afungue ukurasa wa kwanza tu, aone ng'ombe ametoka nusu ipi, ampe neno kondakta wa basi lolote linalopita Garsen. Aseme ni la mchungaji. Watamwonyesha banda.